Amri za Kompyuta Zitungwe kwa Kuijali Sheli

Katika nchi ambayo wilaya zake mbili huitwa Nyang'hwale na Wang'ing'ombe, ambayo vijiji vyake vyote vimo kusini ya Ikweta, na ambayo bei za dukani huandikwa 5,000/=, utungaji wa amri za kompyuta hauwezi kuachwa uwe shughuli ya wataalamu wa ng'ambo peke yao. Mambo hayo ni ya kawaida kabisa kwa Mtanzania. Hata hivyo, kila moja huweza kuifanya amri iliyo sahihi ikataliwe na kompyuta, au, vibaya zaidi, ikubaliwe huku maana yake imekwisha kupotoshwa. Makala haya yanaeleza sababu ya hali hiyo na kudai jambo moja: kwamba mtu atungaye programu ya kuendeshwa kwa amri zilizoandikwa hana budi kwanza kuijua sheli, yaani ile programu ipokeayo amri kabla ya programu nyingine zote, na kuyapanga machaguo ya programu yake kwa namna ambayo maandishi ya watu wa kawaida yatapita ndani ya sheli bila kudhurika.

Amri ambazo kila mtu huzijua

Si kweli kwamba lugha ya amri ni jambo geni vijijini. Mkulima wa maharage wa Kitanga, wilayani Kasulu, apokeaye malipo kwa simu, huandika amri mara kwa mara. Abonyezapo *150*00# ili kuifungua M-Pesa, huduma iliyoanza nchini Tanzania mwaka 2008, huwa ametunga sentensi kamili ya lugha ya mashine. Nyota ya kwanza huuarifu mtandao kwamba kinachofuata si namba ya mtu wa kupigiwa. Nyota ya pili hutenganisha sehemu moja na nyingine. Alama ya reli huifunga sentensi.

Kwa nini zikachaguliwa nyota na reli? Jibu limo katika chombo chenyewe. Simu ya kawaida ilikuwa na vitufe 12 vya kupigia: tarakimu kumi, nyota na reli. Kwa kuwa namba ya mtu haina nyota wala reli ndani yake, alama hizo mbili zilikuwa huru kupewa kazi ya kutenganisha na kufunga. Hapo pana kanuni mbili za kukumbukwa. Kwanza, alama za sarufi ya amri zisiwe zile zile zitumikazo katika habari zinazobebwa na amri. Pili, alama hizo ziweze kupita salama katika chombo kinachozibeba. Waliotunga amri za simu walizitimiza zote mbili, na ndiyo sababu mamilioni ya watu ambao hawakuwahi kusomea kompyuta huzitumia bila taabu.

Maandishi hayo hayo ya *150*00# yakiandikwa mbele ya sheli ya kompyuta, hali hugeuka. Nyota haitenganishi tena kitu na kitu. Sheli huifahamu kuwa ni ombi la kutafuta majina ya faili, na kila sheli hulitimiza ombi hilo kwa desturi yake. Iwapo hakuna faili yenye jina la namna hiyo, bash huyaacha maandishi kama yalivyo, lakini zsh hugoma na kutoa lawama. Amri haikukosewa, kilichobadilika ni chombo cha kuibeba.

Kazi ifanywayo na sheli

Neno sheli hapa halihusu kituo cha kuuzia mafuta. Ni programu isimamayo kati ya mtu na mfumo wa kompyuta, nayo ilipewa jina lenye maana ya ganda kwa sababu huuzunguka mfumo kama ganda la karanga lizungukavyo mbegu zake. Desturi zake zilikua pamoja na mfumo wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za kampuni ya Bell nchini Marekani. Sheli ya Stephen Bourne ilitolewa mwaka 1979, na bash, iliyoandikwa kwanza na Brian Fox, ilitoka mwaka 1989. Linux, mfumo utumiwao leo katika kompyuta nyingi zinazoendesha mitandao na katika vyuo vingi, umerithi desturi hizo.

Mtu akisha kuandika mstari wa amri na kubonyeza kitufe cha kuingiza, mstari ule hauendi moja kwa moja kwenye programu aliyoitaja. Sheli huusoma kwanza, na kuukata vipande kila palipo na nafasi tupu. Ikikuta nyota, huweka mahali pake majina ya faili yanayolingana. Ikikuta alama ya dola, huweka thamani iliyohifadhiwa kwa jina linalofuata. Ikikuta ~ mwanzoni mwa neno, huweka anwani ya folda ya mtumiaji. Alama ya > huifahamu kuwa ni agizo la kuyaandika matokeo katika faili, nukta mkato kuwa ni mwisho wa amri, na ritifaa kuwa ni mwanzo wa maneno ya kuachwa kama yalivyo. Baada ya hayo yote ndipo programu huamshwa na kukabidhiwa maneno yaliyosalia.

Jambo la kushika hapa ni kwamba programu haiuoni kamwe mstari ulioandikwa na mtu. Inafanana na mkuu wa ofisi ambaye barua zake zote hupitia kwa karani mwenye ruhusa ya kuzifungua, kuzikata na kuzinakili upya. Mkuu huyo akitaka kuandikiwa vizuri, haitoshi awalaumu wanaomwandikia. Yampasa azijue tabia za karani wake, na aiweke fomu yake katika namna ambayo karani hawezi kuiharibu.

Palikuwapo njia nyingine. Katika MS-DOS, mfumo uliotoka mwaka 1981, programu ilipewa mstari wa amri karibu kama ulivyoandikwa, na kila programu ikajitafsiria nyota kwa namna yake. Njia ya Unix ina faida kubwa, kwa kuwa nyota hufahamika kwa namna moja bila kujali programu. Lakini faida hiyo imekuja na wajibu, nao ni wa mtungaji wa programu.

Kistari na sifa zake

Chaguo ni neno linaloongezwa katika amri ili kuieleza programu namna ya kufanya kazi yake. Kwa desturi huanza kwa kistari. Katika amri `ls -l`, `ls` ni ombi la kuorodhesha faili, na `-l` ni chaguo linalotaka orodha ndefu yenye maelezo. Ufupi huo una historia. Watungaji wa Unix walifanya kazi kwa mashine za kuchapa ambazo ziliandika herufi kumi tu kwa sekunde moja, kwa hiyo kila herufi iliyopunguzwa iliokoa muda. Baadaye mradi wa GNU, uliotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983, ulieneza machaguo yenye majina marefu na vistari viwili, kama `--help` na `--version`. Mwaka 1992 kanuni za POSIX zikaweka miongozo ya jinsi machaguo yatakiwavyo kuandikwa, ili programu za watungaji mbalimbali zifanane.

Kistari kilichaguliwa vyema, kwa maana si mojawapo ya alama ambazo sheli huzigeuza. Hupita kama kilivyo. Kasoro yake ni kwamba hutokea pia katika mambo mengine mawili, yaani majina ya faili na namba hasi.

Ama kuhusu majina ya faili, hatari yake yajulikana tangu zamani. Ikiwa katika folda pamo faili iliyopewa jina `-rf`, kisha mtu akaandika `rm *` akikusudia kufuta faili za kawaida tu na kuziacha folda za ndani, sheli itaweka majina yote mahali pa nyota, na programu ya kufuta italiona neno `-rf` likiwa chaguo. Matokeo yake folda za ndani zitafutwa pamoja na vyote vilivyomo, bila kuulizwa swali. Ndiyo maana POSIX iliagiza kwamba vistari viwili vitupu, `--`, vihesabiwe kuwa ni mwisho wa machaguo, na kila kinachofuata kichukuliwe kuwa ni jina tu. Programu yoyote isiyoiheshimu alama hiyo imemnyima mtumiaji wake kinga ya lazima.

Ritifaa ya Wang'ing'ombe

Na ichukuliwe sasa kwamba wanafunzi wa sekondari, wa Kibondo au wa Kasulu, wametunga programu ndogo ya kutafuta kumbukumbu za mvua na kuiita `mvua`. Ni somo linalofaa katika nyanda hizo za juu za Kigoma, ambako msimu mmoja mrefu wa mvua, uanzao mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi mwaka ufuatao, ndio utegemewao kwa mahindi na maharage. Wameipa programu chaguo la `--wilaya`. Wakiandika `mvua --wilaya Kibondo`, kazi hufanyika. Wakiandika `mvua --wilaya Kasulu`, hufanyika pia. Wanaridhika, wanaipeleka kwa wenzao wa mikoa mingine.

Mwanafunzi wa Geita huandika:

mvua --wilaya Nyang'hwale

Hakuna kinachotokea. Sheli imeiona ritifaa moja, imedhani ni mwanzo wa maneno ya kuachwa kama yalivyo, na sasa inaingoja ritifaa ya kufungia ambayo haitakuja. Inaonyesha alama ya > na kusubiri. Mwanafunzi hudhani kompyuta imekwama. Programu ya `mvua` haina habari, haijaamshwa bado.

Mwanafunzi wa Njombe huandika:

mvua --wilaya Wang'ing'ombe

Hapa msiba ni wa kimya. Ritifaa ni mbili, kwa hiyo sheli huziona kuwa zimefunguana na kufungana sawasawa, huziondoa zote mbili, na kuikabidhi programu neno Wangingombe. Programu huitafuta Wangingombe katika orodha yake, haiioni, nayo hujibu kwamba hakuna wilaya ya jina hilo. Wilaya yenye ofisi zake, shule zake na watu wake imefutwa na alama mbili ndogo.

Mtu aweza kusema kwamba mwanafunzi angezungushia jina alama za mtajo na mambo yangekwisha. Ni kweli, na hana budi kufundishwa hivyo. Lakini mtungaji naye ana dawa yake, tena rahisi. Programu ikilinganisha majina kwa kuziacha kando ritifaa na tofauti ya herufi kubwa na ndogo, basi Wangingombe, wang'ing'ombe na Wang'ing'ombe zote zitafika mahali pamoja. Yule wa Geita ataweza kuandika Nyanghwale naye akafanikiwa. Jina litakapochapwa katika matokeo litachapwa kwa tahajia yake kamili. Dawa ya pili ni kuruhusu orodha ya majina isomwe kutoka katika faili, kwa mfano `mvua --orodha wilaya.txt`, kwa sababu sheli haigusi yaliyomo ndani ya faili. Dawa ya tatu ni kukubali namba badala ya jina. Tangu mwaka 2012 Tanzania ina utaratibu wa postikodi zenye tarakimu tano, na tarakimu hupita katika kila sheli bila kuguswa.

Namba hasi za kusini ya Ikweta

Fundisho la pili latoka katika ramani. Kwa desturi ya kompyuta, latitudo za kaskazini ya Ikweta huandikwa kwa namba chanya na za kusini kwa namba hasi. Mji wa Kasulu uko karibu na latitudo -4.57 na longitudo 30.10, Kibondo iko karibu na -3.59 na 30.72. Kwa kuwa Tanzania yote imo kusini ya Ikweta, hakuna shule, zahanati, kisima wala shamba nchini ambalo latitudo yake haianzi kwa kistari. Nairobi iko karibu na -1.29. Kampala, iliyo juu kidogo tu ya Ikweta, imesalimika kwa 0.3 hivi.

Wanafunzi wale wakiongeza chaguo la kutaja mahali, wataandika:

mvua --mahali -4.57,30.10

Wakiwa wametumia `argparse`, maktaba ya Python ya kusomea machaguo, katika matoleo yaliyotumiwa kwa miaka mingi watajibiwa kwamba chaguo la `--mahali` halikupewa thamani yake. Maktaba hiyo hujaribu kukisia. Ikikuta neno lililoanza kwa kistari hujiuliza kama ni namba au ni chaguo. Neno -4.57 likiwa peke yake huonekana kuwa namba, nayo hulikubali. Neno -4.57,30.10 lina mkato ndani yake, halifanani na namba moja, basi huhesabiwa kuwa ni chaguo lisilojulikana. Mtungaji aliyeijaribu programu yake kwa latitudo ya London, iliyo karibu na 51.5, hakuiona kasoro hiyo hata mara moja.

Ajabu ni kwamba `getopt`, njia iliyo kongwe zaidi, haina tatizo hilo. Kanuni yake ni fupi: chaguo likitangazwa kuwa lahitaji thamani, basi neno linalofuata ndilo thamani yake, liwe limeanza kwa herufi gani. Hakuna kukisia. Hapo pana somo kwa kila mtungaji, kwamba kanuni nyepesi isiyo na werevu huwatumikia watu wengi zaidi kuliko werevu unaotegemea mifano ya mahali pamoja.

Njia nyingine njema imo katika GMT, mkusanyo wa programu za kuchorea ramani ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na Paul Wessel na Walter Smith. Humo thamani hugandishwa moja kwa moja na herufi ya chaguo. Eneo linaloizunguka Tanzania yote huandikwa `-R29/41/-12/0`, yaani mipaka ya magharibi, mashariki, kusini na kaskazini. Namba hasi imo ndani, lakini haiko mwanzoni mwa neno, kwa hiyo haiwezi kudhaniwa kuwa chaguo. Na mikwaju iliyotumika kutenganisha namba hizo si alama ambayo sheli huigeuza.

Kwa machaguo yenye majina marefu, alama ya sawasawa hufanya kazi hiyo hiyo. Mtu akiandika `--mahali=-4.57,30.10`, hakuna programu nzuri itakayokosea. Je, alama hiyo basi iwe ya lazima? Hapana, na sababu yake yatoka kwa sheli tena. Mtu akiandika `--orodha=~/mvua.txt` katika bash, alama ya ~ haimo mwanzoni mwa neno, kwa hiyo haigeuzwi, na programu itatafuta folda yenye jina la ~ ambayo haipo. Akiandika `--orodha ~/mvua.txt`, kwa nafasi tupu, sheli huigeuza ipasavyo. Yaani alama ya sawasawa huziokoa namba hasi, na nafasi tupu huiokoa anwani ya folda. Programu iliyotungwa kwa busara hukubali namna zote mbili.

Yafaa pia ieleweke kwamba neno lenye alama ya sawasawa likatwe mahali alama hiyo itokeapo mara ya kwanza tu. Mhasibu wa shule akiandika `--ada=5000/=`, kama ilivyo desturi ya kuandika shilingi, programu ikatayo kila alama ya sawasawa itapata vipande vitatu badala ya viwili na kuchanganyikiwa.

Alama zilizo na mwenyewe

Yamebaki makosa ambayo mtungaji huyaleta mwenyewe kwa kuchukua alama za sheli na kuzifanya zake. Mfano wa zamani ni `find`, programu ya kutafutia faili, ambayo huyapanga masharti yake kwa mabano na kuyafunga kwa nukta mkato. Kwa kuwa alama zote hizo ni mali ya sheli, mtumiaji hulazimika kuziwekea mkwaju wa nyuma, `\(` na `\;`, ili zipite. Vizazi vya wanafunzi vimeikariri mikwaju hiyo bila kuelewa maana yake. Programu hiyo hiyo hupokea nyota katika chaguo la `-name`. Mtu akisahau alama za mtajo, amri hufanya kazi siku ambayo folda alimo haina faili zinazolingana, na huharibika siku ambayo zimo. Kosa lionekanalo siku zote hugunduliwa mapema. Lile lionekanalo baadhi ya siku hukaa miaka.

Mfano wa karibu zaidi ni `pip`, programu ya kuwekea maktaba za Python. Mtu atakaye toleo la 4 la Django au la juu zaidi huandika `django>=4`. Asipoweka alama za mtajo, sheli huiona alama ya >, huunda faili yenye jina la `=4`, na kuipa programu neno django peke yake. Maktaba huwekwa, lakini sharti la toleo limepotea njiani, na hakuna aliyeambiwa.

Wanafunzi wa programu ya `mvua` wangeweza kuangukia shimo hilo kwa kuandika `--milimita >50`. Afadhali watunge `--zaidi-ya 50` na `--pungufu-ya 100`. Vivyo hivyo, wilaya mbili zitenganishwe kwa mkato, `--wilaya Kasulu,Kibondo`, wala si kwa nukta mkato, ambayo ingeifanya sheli iitafute programu iitwayo Kibondo. Ripoti ya mtahiniwa ikiwekwa katika faili yenye namba yake ya mtihani, mkwaju uliomo katika namba kama S0000/0001 ubadilishwe kuwa kistari, kwa sababu mkwaju katika jina la faili ni mpaka wa folda.

Hoja za upande wa pili

Wako wanaosema kwamba haya yote ni ya kale, kwa kuwa watu siku hizi hubonyeza picha. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Kompyuta zinazoendesha mitandao huongozwa kwa amri zilizoandikwa. Kazi ya kurudiwa mara elfu huandikwa mara moja katika faili ya amri na kuachwa iendelee yenyewe. Na mtu aliye Kibondo aweza kuiongoza kompyuta iliyo Dar es Salaam kwa herufi chache tu, hata mtandao unapokuwa dhaifu.

Wengine husema kwamba mzigo ni wa mtumiaji, ajifunze alama za mtajo kama wenzake walivyojifunza. Katika hili pana ukweli wa nusu. Nafasi tupu katika majina ya faili, kwa mfano, haziwezi kuponywa na mtungaji yeyote. Lakini mtungaji huichagua sarufi ya programu yake mara moja, na watumiaji huiandika maelfu ya mara. Haki yadai kwamba taabu ya mara moja ibebwe na yule mmoja.

Tena liko suala la tafsiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye maelezo ya Kiswahili, na kazi hiyo ilistahili heshima. Hata hivyo, programu yaweza kusema Kiswahili safi katika kila ujumbe wake, na bado ikashindwa kuipokea Wang'ing'ombe. Kutafsiri maneno ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha kwamba majina, namba na desturi za nchi zinaingia salama.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuonyesha haya yote kwa dakika chache. Hata simu ya Android yenye programu ya Termux inayo sheli ya kutosha. Amri ifuatayo huchapa kila neno ambalo sheli imelikabidhi, likiwa ndani ya mabano:

printf '[%s]\n' Wang'ing'ombe

Jibu ni [Wangingombe]. Wanafunzi wajaribu tena kwa "Wang'ing'ombe" ndani ya alama za mtajo, kisha kwa maneno Mvua ya Kibondo bila alama hizo, ambayo yatatoka katika mistari mitatu, kisha kwa nyota moja peke yake, kisha kwa --orodha=~/mvua.txt. Kabla ya kila jaribio waandike katika daftari wanachotarajia, na baada yake walinganishe. Hiyo ndiyo njia ya sayansi, nayo hufaa kuliko kukariri orodha ya alama.

Mwalimu aonywe juu ya jambo moja. Amri zisiandaliwe katika programu ya kuandikia barua, kwa kuwa nyingi kati ya hizo hugeuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, na ritifaa nyofu kuwa iliyopinda. Machoni huonekana karibu sawa, lakini kwa sheli ni alama nyingine kabisa, na mwanafunzi atakayezinakili atateseka bila kosa lake.

Baada ya jaribio, darasa litunge sarufi ya programu yao kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu yenyewe, na kila chaguo lipimwe kwa maswali matatu: Je, litaipokea Wang'ing'ombe? Je, litaipokea -4.57? Je, litaipokea 5000/=? Chaguo lisiloyavuka maswali hayo lirekebishwe au liachwe.

Maswali hayo ni madogo, lakini nchini Uingereza au Marekani si rahisi mtu ayafikirie, kwa sababu hakuna kinachomlazimisha. Vijana wa Kasulu na Kibondo hukutana nayo siku ya kwanza. Kwa muda mrefu hali hiyo imehesabiwa kuwa ni unyonge, kana kwamba majina na namba za hapa ndizo zenye kasoro. Ukweli ni kinyume chake. Programu ambayo imetungwa na kupimwa Kibondo itafanya kazi London; iliyopimwa London peke yake haina hakika ya kufanya kazi Kibondo.